Nilivyokagua roboti linalogeuka gari la polisi kabla sijampa mpwa wangu

Mi ni fundi simu, skrubu ndogo na klipu za plastiki ndo maisha yangu, nadhani ndo maana sista alipotaka zawadi ya mtoto wake anayetimiza miaka minne alinirushia mimi voisi noti akamwacha mumewe. Dogo anapenda polisi, sijui kwa nini, difenda ikipita Buguruni lazima apige saluti na wale askari waliokaa nyuma kuna siku wanamjibu, basi hapo jioni nzima hatulali. Sista akasema "kaka mtafutie lile gari la polisi linageuka roboti, ila lisiwe la kumliza." Hilo la kumliza ndo nililoondoka nalo kwenda Kariakoo.

Maana matoi ya kugeuza yapo ya aina mbili. Yapo ya watu wazima wanaokusanya, unakunja sehemu kibao huku umeshika karatasi ya maelekezo, ukikosea moja boneti halifungi. Mtoto wa miaka minne ukimpa hilo anavuta mkono mpaka unachomoka, au kila baada ya dakika mbili anakuletea "anko nigeuzie", sasa hapo anayecheza ni wewe. Na yapo ya watoto, hatua chache vipande vikubwa, mwisho.

Hii biashara ya gari la polisi kuwa roboti ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mwaka 1984 Hasbro ya Marekani ilipoanza kuuza Transformers, matoi mengi ya mwanzo yalikuwa yanatoka kwenye kalibu za Takara ya Japani, walikuwa wanayauza kwao kwa jina la Diaclone. Mmoja wa hao wa mwanzo ni Prowl, Nissan Fairlady ya polisi, nyeusi na nyeupe kwa sababu patroli za Japani ziko hivyo. Boneti linakuwa kifua, milango inabaki mgongoni imesimama kama mabawa, nyuma ya gari inakuwa miguu. Ukiangalia makopi ya Kariakoo leo mengi bado yanafuata hesabu ileile, boneti kifuani. Baadaye wakaja Rescue Bots, Transformers za watoto wa miaka 3 mpaka 7, humo polisi anaitwa Chase, na mi nilikuwa natafuta kitu cha akili ya Chase kwa bei ya Mtaa wa Kongo.

Nikakuta moja halina jina la kampuni, boksi limechorwa moto na radi, ndani gari jeupe lenye mistari ya bluu. Muuzaji akaanzia 18,000, "bosi hii orijino kabisa." Nikamwambia fungua. Akataka kunionyesha linavyogeuzwa nikamkatalia, nilitaka nijue kama toi lenyewe linajieleza bila mtu kukufundisha, maana mtoto hasomi karatasi. Nikavuta nyuma, miguu ikatoka. Nikakunja boneti chini, kichwa kikaruka chenyewe kwa springi (hapa hata mi nilicheka). Nikashusha mikono, basi, roboti limesimama. Af nikarudia kwa dole gumba na kidole kimoja tu bila kukaza, kwa sababu vidole vya mtoto havina nguvu ya mkono wetu, na kitu ambacho wewe unaona kimelegea kidogo kwake ndo saizi.

Wengi wanaishia hapo wanalipa. Mi naona kurudi kuwa gari ndo penyewe, huko ndo matoi ya bei chee yanaumbuka. Linageuka roboti vizuri ila ukirudisha linabaki limeachama, mlango mmoja juu, mguu unaning'inia, na ukilisukuma kwenye vigae linafunguka katikati ya safari. Hili lilifunga kwa klik ya kueleweka, nikalitikisa karibu na sikio halikucheza. Maungio ya miguu yana pini za chuma, hiyo nikaipenda, pini ya plastiki ikishachoka haina matibabu. Mikono yenyewe imewekwa kwa kigololo, ukivuta sana inachomoka halafu unaibonyeza inarudi. Watu wanaona ni uduni ila kwa mtoto mkorofi ni bora ichomoke kuliko ivunjike, kikubwa kipande kinachochomoka kiwe kikubwa. Tukamalizana 12,000.

Nyumbani ndo nikakaa nalo mezani vizuri. Kuna kipimo kinatumika Marekani cha vipande vidogo, ni silinda yenye upana wa milimita 31.7, kitu kikiingia chote humo kinahesabiwa mtoto wa chini ya miaka mitatu anaweza kukabwa nacho. Mi sina silinda hiyo, nilichukua lile gamba la ndani la toilet pepa, ambalo ni pana zaidi, kwa hiyo likikosea linakosea upande wa usalama. Mkono haukuingia wote. Dogo ana minne sawa, ila ana mdogo wake anayetambaa na anakula kila kitu kilichopo sakafuni, huyo ndo nilikuwa namkagulia hasa.

Kilichonitisha ni taa za juu, ile ya bluu na nyekundu. Nikaikwangua kwa ukucha ikacheza, ina maana imebandikwa na tone moja la gundi, na ile inaingia kwenye gamba la toilet pepa inatokea upande wa pili. Nikaing'oa kabisa kabla hajaing'oa yeye. Supagluu sikuitaka, kwenye plastiki ya kuonyesha ndani inaacha ukungu mweupe, niliyaona sana kwenye vioo vya kamera za simu. Nikapaka B-7000, gundi hii hii ya kubandikia vioo vya simu, ikibana inabaki na mpira kidogo hivyo kishindo hakiitoi kirahisi, nikafunga na rababendi nikaiacha mpaka kesho yake. Sasa hivi ukitaka kuitoa utatoka na paa.

Halafu betri. Ukibonyeza mgongo linalia king'ora, na king'ora hicho kinatumia zile betri za duara kama kifungo. Jamani hizi si za mchezo, mtoto akimeza ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya masaa mawili tu, wala haihitaji kuvuja. Kwa hiyo toi lolote lenye betri hizo mfuniko lazima ufungwe kwa skrubu, ukiona unafunguka kwa ukucha liache dukani. Hili lilikuwa na skrubu ila jino lake limekwisha, inazunguka tu haikamati. Nikatafuta skrubu nene kidogo kwenye kopo langu, ikakaza. Na spika nikaibandika selotepu kwa ndani, king'ora kikashuka kikawa cha kibinadamu. Sista hajui mpaka leo kwa nini la kwake halipigi kelele kama la jirani.

Stika nilizipitishia blowa kwa mbali nikazikandamiza, zitatoka tu siku moja, mate ya mtoto hayashindwi. Kingo za plastiki zilizokuwa na makali nikapitisha msasa.

Mapungufu yapo. Roboti lenyewe halipindi goti, kisigino hakuna, mgongo mzito kwa ajili ya paa na milango, ukiliweka kwenye zulia linalala chali. Mtu anayekusanya angelicheka. Matairi ni plastiki tupu bila mpira, kwenye vigae linateleza na linavuta kushoto. Kwangu hayo yote sawa, nisingelipa zaidi ili goti lipinde.

Siku ya sikukuu dogo alifungua, akaligeuza mwenyewe wakati watu wazima bado wanabishana nani ashike simu ya video. Ila kitu nilichokuja kukiona ni kwamba haligeuzi lote. Analiacha nusu, magurudumu chini, kichwa kimetoka juu ya boneti, analiendesha hivyo hivyo. Nikamuuliza mbona kichwa kiko nje, akaniangalia kama hamnazo, "anko, sasa ataonaje barabara?"

Sista ameshaniuliza kama lipo la zimamoto. Nimemwambia Jumamosi ntapita, lakini kama lina ngazi ya kuchomoka silileti.