Turbo ya Surf yangu na kilomita 318,000 za Pemba

Watu wakisikia gari yangu imeshatembea kilomita 318,000 huniuliza jambo moja: imezipata wapi zote hizo, kwenye kisiwa ambacho kutoka ncha hadi ncha hakifiki kilomita 70? Nyingine ilikuja nazo kutoka Japani, na hizo nimezipokea kama nilivyoambiwa, maana saa ya gari ya mtumba huaminiwa kwa jicho moja. Zilizobaki nimezipiga mwenyewe. Chake kwenda Mkoani kuwahi boti, Chake kwenda Wete, Konde, kisha kupita msitu wa Ngezi mpaka Kigomasha na wageni, na kurudi. Ni Hilux Surf ya 1996, injini 1KZ-TE, lita 3, dizeli. Turbo yake, yaani ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili isukume hewa zaidi kwenye injini, kwa ninavyojua haijawahi kubadilishwa.

Mwaka juzi nilikuwa karibu niitupe, tena nzima.

Ilikuwa msimu wa karafuu. Nilikuwa nimepakia magunia na watu wanne, gari ikawa haivuti. Kila kilima nashusha gia, na vilima vya Pemba unavijua. Nyuma yangu moshi mweusi mtupu. Kijana mmoja wa bodaboda alinipita amejifunika pua kwa kola ya shati. Nikaingia gereji. Fundi akafungua boneti, akapiga resi mara mbili, akautazama moshi, akasema, "Turbo imekufa hii, kaka. Tafuta nyingine." Ya mtumba kutoka Dar alinitajia laki nane, ufundi mbali. Hakufungua hata mpira mmoja.

Laki nane sikuwa nazo, na hilo ndilo lililoniokoa. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Machomanne, fundi wa malori tangu ujana wake, siku hizi hushika spana pale anapopenda tu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Injini imepoa?"

"Bado ya moto."

"Basi kaa tunywe kahawa. Turbo ya moto haishikwi."

Tulikunywa kahawa karibu saa nzima. Ilipopoa akaufungua mpira unaoleta hewa kutoka kwenye filta, akaniambia niingize vidole viwili, nishike ncha ya shafti pale katikati ya feni. Niizungushe kwanza. Ikazunguka laini, bila kukwaruza. "Sasa itikise pembeni. Yacheza?" Kidogo, nikamwambia. "Hiyo lazima icheze kidogo, kwani shafti inaelea kwenye oili, na sasa oili haina presha. Haya, ivute kwako kisha uisukume." Haikwenda mbele wala nyuma. Akanipa tochi nitazame kama mapanga ya feni yamegusa nyumba yake. Hayakugusa, hata alama hamna. Akafuta mikono. "Turbo yako nzima. Tutafute pumzi yatokea wapi."

Pumzi ilikuwa inatokea kwenye mpira unaotoka turbo kwenda kwenye injini. Ulikuwa umepasuka kwa chini, pahala jicho halifiki, na ufa wenyewe ulikuwa ukijifumba gari ikisimama na kufunguka presha inapopanda. Kilichousema ni uchafu mweusi wenye mafuta ulioganda hapo chini yake. Turbo ilikuwa ikisukuma hewa, hewa inaishia njiani, dizeli inaingia vile vile. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, ikatoka moshi mweusi. Mpira mpya na klipu zake mbili sikumaliza elfu arubaini.

Tangu siku ile nimeacha kuiogopa turbo, naogopa vitu vinavyoiua. Mzee alinihesabia vitatu kwa vidole: oili, vumbi na moto. Cha oili alikikunja kwanza na hakukikunjua mpaka tunaagana.

Kwa nini oili? Shafti ile inaweza kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika moja. Kwenye turbo kama yangu haikai juu ya gololi. Inakaa juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Upande wake mmoja unapigwa na moshi wa eksozi wenye joto la mamia ya nyuzi. Oili ikichoka, ikichafuka au ikichelewa kufika, chuma kinakutana na chuma, na hapo hakuna tena cha kutunza. Kwa hiyo zile kilomita 5,000 za kubadilisha oili ambazo kila mtu husema, mie nimezipunguza hadi 4,000, na filta ya oili inatoka kila mara. Sababu ni safari zetu. Ukimpeleka mtu uwanja wa ndege kutoka Chake, injini haijapata moto sawasawa umeshafika, unazima. Ukirudia hivyo mara sita kwa siku, oili inajaa masizi na unyevu kuliko ya lori linalokwenda masafa. Injini hii inakunywa karibu lita 7, najua inauma. Lakini kuongeza si kubadilisha. Nina jirani anayejivunia kuwa hajamwaga oili miezi minane kwa sababu "haipungui."

Na madumu ya oili nayatazama muhuri wake kabla ya kulipa. Nanunua duka moja tu, hata bei ikipanda, maana muuzaji yule najua nyumba yake ilipo.

Asubuhi nawasha, naiacha nusu dakika, kisha naondoka taratibu bila kukanyaga mpaka sindano ya joto ipande. Wako wanaowasha na kupiga resi papo hapo, sijui ili mtaa mzima ujue wameamka. Oili bado nzito na haijafika juu, nawe unaiambia turbo ikimbie.

Kuzima ndiko kulikoniletea ugomvi na abiria. Ukitoka kupanda vilima na mzigo ukazima papo hapo, oili iliyobaki ndani ya turbo inasimama pale kwenye moto mkali, inaungua, inakuwa makaa. Makaa hayo huziba kijibomba cha kuleta oili, kidogo kidogo, mpaka siku moja. Nikifika bandarini Mkoani nimekimbia, naiacha iungurume dakika moja au mbili. Bibi mmoja aliwahi kunigeukia: "Mwanangu, mbona huizimi? Mafuta unapewa bure?" Nikamwambia inapumzika. Akasema na yeye amechoka, mbona hakuna anayemngoja. Nikiwa nimekuja polepole mjini kwenye msongamano nazima tu, hapo imeshapoa njiani. Siku hizi kilomita ya mwisho naiendesha pole, kwa hiyo kungoja kwenyewe kumepungua.

Kuhusu vumbi, hapa kosa lilikuwa langu na nalikiri. Klipu moja ya boksi la filta ilivunjika, nikalifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nikajiona mjanja. Mzee alipitisha kidole ndani ya mpira ulio baada ya filta, kikatoka chekundu. Kupita pale hewa inapaswa kuwa safi. Vumbi likifika hapo linayasugua mapanga ya feni kama msasa, kisha linaingia kwenye silinda. Nikatafuta boksi zima la mtumba. Na filta yenyewe nimeacha kuigonga kwenye tairi. Naipuliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kisha naiwekea tochi ndani. Nikiona kitundu kinachopitisha mwanga naitupa. Kuiosha kwa maji, filta ya karatasi, usithubutu.

Chumvi ya bahari inakula nati za eksozi. Nikiona masizi kwenye maungio kabla ya turbo najua gasketi, ule utando unaoziba maungio, inapumua, na moshi unaopotea hapo ni nguvu inayoipotea turbo. Nati nazinyunyizia mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla ya kuzigusa. Zikikatikia ndani utalia.

Mwaka jana gari ikatoa moshi wa buluu. Huo ni mwingine, ni oili inayoungua, na haupuuzwi. Dizeli ikianza kunywa oili yake kwa wingi kupitia turbo inaweza kukataa kuzima hata ukichomoa ufunguo, inapanda resi yenyewe mpaka ijivunje. Safari hii sikutafuta laki nane. Tuliifungua turbo tena: shafti ile ile, nzima. Tukashuka kwenye bomba linalorudisha oili kwenye sampo, beseni la oili chini ya injini. Oili hapo hairudi kwa presha, inateremka tu kama maji ya mvua kwenye mfereji, kwa hiyo kizuizi kidogo kinatosha kuirudisha juu ikapenya kwenye sili, vizibo vya shafti. Tukakuta tonge la silikoni. Kuna fundi aliwahi kulifungua bomba hilo nikamwachia gari nikaenda zangu kuswali na kula. Gasketi hakuwa nayo, akapaka gundi, nyingi, na iliyozidi ikaingia ndani. Mzee aliitoa kwa koleo, akaiweka juu ya kiganja changu bila kusema neno.

Hiyo gasketi nayo tuliikata kwa mkono kutoka kwenye karatasi ya gasketi, maana ya kwake haikupatikana Chake wala Wete. Imeshika miezi kadhaa, sasa imeanza kutoa jasho. Nimeagiza ya chuma kutoka Unguja, inakuja na boti ya Jumamosi. Usiku naweka kipande cha boksi chini ya gari. Juzi palikuwa na matone mawili, jana moja.