Dagaa wa 138

Kina mama wa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, walikuwa wamecheza mchezo wao miaka mingi kwa vikaratasi na kopo tupu la maziwa. Watu 12, kila mmoja shilingi 20,000 kila Jumamosi, mmoja anaondoka na 240,000. Mzunguko ukiisha wanapiga kura upya, nani apokee wiki gani. Usidhani ni jambo dogo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa; mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika. Ukipokea giza linapoanza, unawahi mzigo. Ukipokea mbalamwezi, unakaa na hela kibindoni, na watoto wanajua unayo.

Katikati ya mwaka 2011 pakatokea maneno. Mmoja alidai karatasi fulani ilikunjwa kwa alama. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kukosa neno la kusema, akasema, "Kuna mtoto wa kaka yangu anasoma kompyuta. Aje yeye, mashine haina ndugu."

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa diploma, lugha ya kompyuta ya C tumeianza juzi juzi, na kichwa kimevimba. Nilikuwa na laptopu ya mkono wa pili, betri imekufa, na Dev-C++, programu ya kuandikia C, niliyopewa na mwenzangu kwa flashi. Nikaandika programu jioni moja: majina 12 kama yalivyo kwenye daftari la kijumbe, yule anayesimamia mchezo, programu inachagua namba ya nasibu kwa amri ya rand, inagawa kwa 12, kinachobaki ndiyo namba ya mtu. Akiwa ameshatoka, inachagua tena. Basi.

Niliijaribu nyumbani pengine mara ishirini. Kila mara ilitoa orodha ileile, kuanzia 6, 12, 11, 5, 7, 9. Nikafurahi. Naapa nilifurahi. Kwa wiki kadhaa programu zangu zilikuwa zikitoa jibu hili leo na jibu lingine kesho, mwalimu anazichana. Hii ilikuwa imetulia. Haikunipitia akilini kwamba kura inayotulia si kura.

Jumamosi ile tulikaa kwenye duka la nyavu kwa sababu mwenye duka alikuwa na jenereta. Mgao wa umeme wa mwaka ule wanaoukumbuka wanaukumbuka. Nikabonyeza. Namba 6 akatoka wa kwanza: shangazi. Vigelegele. Wa mwisho kabisa, namba 10, alikuwa mama mmoja mrefu muuza kayabo, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Aliguna tu, akasema bahati ni ya Mungu.

Baada ya wiki 12 nikaitwa tena. Nikabonyeza. Namba 6. Shangazi alianza kupiga kigelegele akakikatia katikati. 12. 11. 5. Kijumbe alikuwa na daftari la mzunguko uliopita mapajani, kidole chake kinashuka taratibu, jina kwa jina, mpaka chini. Akafunga daftari.

"Mimi wa mwisho tena?" mama wa kayabo akauliza. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilinitisha. "Mwanangu, hiyo mashine yako haina ndugu, sawa. Wewe je?"

Sikuwa na jibu. Nilikunja waya wangu, wao wakarudi kwenye kopo la maziwa. Njiani kurudi nyumbani Kitangiri shangazi alikaa kimya hadi tulipokaribia, kisha akaninong'oneza, "Kama ulikuwa unanifanyia hisani, baba, si ungeniambia?" Hata yeye!

Umeme ulirudi saa sita usiku. Nikaandika programu fupi ichapishe namba za rand zenyewe kabla sijazigawa. Zikatoka 41, 18467, 6334, 26500, 19169. Nikafunga, nikafungua: 41, 18467, 6334. Nikazima laptopu kabisa nikaiwasha: 41. Nywele zilinisimama. Gawa 41 kwa 12, kinabaki 5, na C inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo 5 ni mtu wa sita. Shangazi alikuwa amekaa ndani ya ile 41 tangu siku ya kwanza.

Jumatatu mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Alichonieleza ubaoni ndicho kilinifanya nipende kazi hii, ingawa siku ile nilitamani ardhi inimeze. Mashine haichezi bahati. Ina namba moja imeishika; ukiomba namba ya nasibu, inaizidisha ile iliyo nayo kwa 214013, inaongeza 2531011, inakata kipande cha katikati inakupa, na matokeo yote inayaweka kwa ajili ya zamu ijayo. Ni hesabu ya darasa la nne, ila kubwa. Fikiria daladala yenye njia moja ndefu ya mduara, vituo vyake vimepangwa hovyo lakini havibadiliki. Namba ya kuanzia, mbegu, ni kusema tu unapandia kituo gani. Usiposema, kanuni ya C yenyewe inakupandisha kituo namba 1. Mimi sikusema. Watoto wote wa C duniani wasiosema wanapandia hapo.

Dawa ni amri ya srand, unaipa mbegu, na wengi huipa saa ya kompyuta: sekunde zilizopita tangu Januari 1, 1970, ambazo mwaka ule zilikuwa zimepita bilioni 1.3. Nikakimbia kuiweka, nikaiweka ndani ya lupu, kile kipande cha programu kinachojirudia, yaani inapanda mbegu upya kabla ya kila jina. Programu ikawa inakwama sekunde nzima kwa kila mtu, kisha inatoa 2, 5, 8, 12, 3, 6, 9. Inaruka tatu tatu, mara mojamoja nne! Sekunde ikiongezeka moja, namba ya kwanza inasogea tatu na ushee, kwa sababu 214013 ukiigawa kwa 65536, ambayo ndiyo inayokata kile kipande, unapata hivyo hivyo. Mbegu 1 inatoa 41, mbegu 2 inatoa 45, mbegu 3 inatoa 48. Mbegu hupandwa mara moja, juu kabisa, kabla ya lupu. Mkulima gani anafukua mahindi kila asubuhi apande upya? Mimi.

Mwezi Desemba kijumbe akaniita. Vikaratasi navyo vilikuwa vimeleta yake. Viwili vilinatana, mtu akatoka navyo vyote. Nilipofika nilisalimia shikamoo kumi na mbili, zikajibiwa kumi na moja.

Nikaeleza habari ya saa. Mama wa kayabo akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Saa ni ya mashine yako. Utabonyeza unapotaka wewe." Nimefanya kazi hii miaka mingi sasa na bado sijasikia pingamizi bora kuliko hilo. Nikamuuliza tutoe wapi mbegu, basi. Akageuka, akachota konzi moja ya dagaa kwenye gunia la jirani, akaimwaga juu ya karatasi ya gazeti. "Hesabuni."

Walihesabu wawili wawili, kijumbe akiandika. 137. Nikabadilisha mstari mmoja, programu iulize mbegu kwanza. Nikaandika 137, wote wameinama juu ya kioo. Namba 7 akatoka wa kwanza, mama wa mifuko, ambaye hana ugomvi na mtu.

"Rudia," mama wa kayabo akasema.

Nikarudia 137. Orodha ileile, kuanzia namba 7. Nilitetemeka, maana ndicho kilichoniponza mara ya pili. Lakini safari hii kijumbe alitikisa kichwa kwa kuridhika: dagaa wale wale, majina yale yale. Mtu yeyote akiwa na daftari, hesabu ya dagaa na programu yangu angeweza kuja kesho akahakikisha.

"Na wangekuwa 138?" mmoja akauliza.

Nikaandika 138. Mbegu hiyo inaanza na 489. Gawa kwa 12, kinabaki 9, mtu wa kumi. Jina la mama wa kayabo likatokea juu kabisa.

Hakuna aliyecheka. Mama wa kayabo aliangalia kioo, akaangalia gazeti, kisha akainama taratibu, akaokota kwa ncha ya vidole kichwa kimoja cha dagaa kilichokatika, kilichokuwa kimejibana kwenye mkunjo wa karatasi.

"Na huyu je?" akamuuliza kijumbe. "Huyu si dagaa?"