Fangasi za mjomba na asilimia za Wamarekani

Juzi jioni nipo kwa mjomba Igoma, kakaa barazani anajikuna katikati ya vidole vya mguu, ngozi nyeupe imelowa kama dagaa walionyeshewa. Nikamwambia mjomba si uende hospitali, akasema hizi nimetoka nazo vita ya Kagera 1979, buti hazivuliwi siku tatu na mvua inapiga.

Nikamtumia picha binamu yangu aliyekuwa jeshi la Marekani, si akaanza kunieleza kule askari wa zamani analipwa fidia ya fangasi bwana! Ila lazima uthibitishe zinatokana na jeshi, halafu wanapima, zikiwa chini ya asilimia 5 ya mwili na unapaka dawa tu unapewa asilimia 0 ya ulemavu, yaani wamekubali unaumwa ila hela hamna. Kuanzia 5 mpaka chini ya 20 unapata 10, 20 hadi 40 ni 30, zaidi ya hapo 60. Na vidonge vinahesabika, ukimeza jumla ya wiki 6 au zaidi ndani ya mwaka ni 30 hata kama eneo lenyewe dogo. Hapo ndo wengi wanajipunja, hawatunzi vyeti vya dawa.

Kiganja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya mwili, basi nikaweka changu juu ya miguu ya mjomba, viwili havikujaa.

"Kwa hiyo mimi sifuri?"

Sifuri mjomba. Akacheka weee, akaniomba ile tyubu ya dawa niliyonunua Kirumba.