Cherehani, taipureta na bastola ya mwaka 1911

Katika baraza la fundi mmoja wa nguo, hatua chache kutoka soko kuu la Tabora, ipo cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa miguu ambayo fundi aliirithi kwa marehemu baba yake, na ambayo mpaka leo inashona sare za shule msimu mzima bila kumsumbua. Jumamosi iliyopita nilikaa pale nikisubiri suruali yangu ipunguzwe urefu, nikiwa na mpwa wangu aliyemaliza mafunzo ya mgambo mwaka huu na sasa anatafuta kazi ya ulinzi, na katika kupitisha muda nikasema kwamba kampuni iliyounda cherehani ile iliwahi pia kuunda bastola. Fundi alisimamisha mguu. Mpwa wangu akataka kujua ni bastola gani, na nilipomwambia kuwa ni ile iliyopitishwa na jeshi la Marekani mwaka 1911, akacheka: "Mjomba, chombo cha zaidi ya miaka mia kina kazi gani leo, zaidi ya kukaa makumbusho?"

Sikumjibu palepale, kwa kuwa swali lilistahili jibu lililopangwa vizuri kuliko lile lililokuwa limenijia mdomoni. Ninaandika haya kama mkereza vyuma mstaafu, wala si kama askari au mwindaji. Sina bastola, na sijawahi kuomba kuimiliki chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, inayomtaka raia awe na leseni kwanza. Nilichonacho ni michoro ya ndani ya bastola hiyo, ambayo nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kuichora upya nikiwa gizani.

Asili yake ni malalamiko ya askari. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani waliokuwa wakipigana Ufilipino walibeba rivolva, yaani bastola za silinda inayozunguka, za kipenyo cha inchi 0.38, na taarifa zikawa zinarudi makao makuu kwamba mpiganaji wa Kimoro, yaani Mwislamu wa kusini mwa visiwa hivyo, aliyekwisha kupigwa risasi kadhaa aliweza bado kumfikia askari na panga lake. Mwaka 1904 maofisa wawili, Thompson na LaGarde, walizijaribu risasi za aina mbalimbali kwa maiti na kwa ng'ombe wa machinjio ya Chicago, majaribio ambayo ukiyasoma yanakukosesha hamu ya nyama kwa siku mbili, kisha wakapendekeza kipenyo kisipungue inchi 0.45, yaani milimita 11 na ushee. Aliyeunda bastola ya kuihimili risasi hiyo ni John Moses Browning, mzaliwa wa Ogden katika jimbo la Utah na mtoto wa fundi bunduki, ambaye alikuwa akiuza michoro yake kwa kampuni ya Colt huko Marekani na kwa kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji. Alifariki hukohuko kiwandani Herstal mwaka 1926, miaka kumi baada ya majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo kuingia katika mji wetu, tarehe 19 Septemba 1916.

Jaribio la mwisho lilifanyika Machi 1911. Bastola moja ya Browning ilifyatuliwa risasi 6,000. Baada ya kila risasi 100 ilipumzishwa dakika tano, baada ya kila 1,000 ilisafishwa na kutiwa mafuta, na ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa tu katika ndoo ya maji. Haikukwama hata mara moja, ilhali mshindani wake wa kampuni ya Savage alikwama mara 37. Tarehe 29 Machi jeshi likaipitisha. Mimi niliyeona mashine mpya zikifa wiki ya kwanza ya kazi ninaiheshimu ndoo ile kuliko cheti chochote.

Sasa nije ndani ya chombo chenyewe, maana jibu la mpwa wangu limo humo. Risasi inapowaka, gesi inasukuma kichwa cha risasi mbele na ganda nyuma kwa nguvu ileile. Katika bastola ndogo za risasi dhaifu inatosha kuliacha ganda lisukume lenyewe kile chuma cha juu kinachoteleza, ambacho mafundi wa silaha hukiita slaidi, kwa kuwa uzito wa slaidi na ugumu wa springi vinatosha kulichelewesha. Kwa risasi yenye nguvu kubwa njia hiyo haifai, kwa sababu ganda lingetoka wakati shinikizo bado liko juu, likapasuka mbele ya uso wa mpigaji. Inabidi mtutu na slaidi vifungwe pamoja kwa muda mfupi mno, kisha vifunguliwe vyenyewe, bila mkono wa mtu.

Browning alichonga meno juu ya mtutu yanayoingia katika mifereji iliyo ndani ya slaidi, na chini ya mtutu akaweka kiungo kidogo kinachobembea kwenye pini. Risasi ikiwaka, mtutu na slaidi vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana, kama kichwa cha treni na behewa vilivyofungwa kwa kiungo kimoja. Vinakwenda pamoja milimita chache tu, na kufikia hapo kichwa cha risasi kimekwisha kutoka na shinikizo limeshuka. Hapo kile kiungo kinauvuta mtutu chini kwa nyuma, meno yanatoka katika mifereji, na behewa linaachwa. Slaidi inaendelea peke yake ikilichomoa ganda, kulirusha nje na kukoki nyundo, kisha springi inairudisha mbele ikisukuma risasi nyingine chemba na kuuinua mtutu hadi meno yashike tena. Hakuna skrubu hata moja katika kazi yote hiyo. Skrubu zilizopo ni za kushikilia vibao vya mpini, na sehemu nyingine unaweza kuzifungua moja baada ya nyingine ukitumia vipande vya bastola yenyewe badala ya bisibisi na nyundo.

Tazama basi waliofuata. Mrusi Tokarev, katika bastola yake ya miaka ya 1930 ambayo Wachina waliinakili baadaye, alikibakiza kile kiungo kinachobembea kama kilivyo. Kiwanda cha FN, kikimalizia kazi aliyoianza Browning kabla ya kufa, kilitoa mwaka 1935 bastola ya risasi 13 ambayo ndani yake kiungo kimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mkato wa mshazari chini ya mtutu, hivyo kipande kimoja kinachoweza kukatika kikapungua. Glock ya Austria, iliyopokewa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982, imeondoa na meno pia, mtutu ukijifunga kwa ukingo mmoja mkubwa unaokaa katika dirisha la kutolea maganda. Lakini ukiivuta slaidi ya Glock polepole utauona mtutu ukiinama kwa nyuma na kuinua pua, vilevile kama ulivyofanya mwaka 1911. Kwa hiyo polisi au mlinzi anayebeba bastola mpya kiunoni leo, mara nyingi amebeba wazo la yule mzee wa Utah, hata kama jina lililochorwa ubavuni ni jingine.

Hilo ndilo jibu la nusu ya kwanza, na sitaki kulitumia kuifunika nusu ya pili, kama wanavyofanya baadhi ya wapenzi wa bastola hii ambao ukiigusa kidogo wanakasirika kana kwamba umemtukana mzazi. Bastola yenyewe, kama chombo cha kazi, imepitwa. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 1.1 hivi, na magazini yake, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia katika mpini, inachukua risasi saba. Glock 17, yenye fremu ya plastiki ngumu, ina gramu 700 hivi ikiwa tupu na inachukua 17. Jeshi la Marekani lenyewe liliiacha ile ya 1911 mwaka 1985, likahamia Beretta ya milimita 9 yenye risasi 15, na mwaka 2017 likachagua nyingine ya SIG Sauer. Ni kweli kwamba mwaka 2012 kikosi cha Marines, askari wa majini wa Marekani, kiliagiza toleo jipya la mchoro huu kutoka Colt, lakini nacho baadaye kikahamia kwenye SIG kama wenzake.

Kuna pia suala la namna ya kuibeba. Kifyatulio chake hakina kazi nyingine ila kuiachia nyundo, hivyo mtu anayetaka kuwa tayari anaibeba nyundo ikiwa imekokiwa na kitasa cha usalama kikiwa kimefungwa kwa kidole gumba. Mtu aliyefundishwa kwa miezi na anayefanya mazoezi kila wiki anaweza kuishi na hali hiyo salama kabisa. Kijana aliyepewa silaha kwa zamu ya usiku, mwenye usingizi machoni, ni hadithi nyingine. Upo pia usalama wa pili, ule wa nyuma ya mpini unaoachia tu pale kiganja kinapoubana. Kile kitasa cha kidole gumba kiliongezwa kwa matakwa ya askari wapanda farasi, ambao mkono mmoja ulikuwa kwenye hatamu na walitaka kuirudisha bastola kiunoni salama kwa mkono uliobaki. Hapa Unyamwezi, ambako ndorobo hawakuwahi kumwacha farasi azeeke, hoja hiyo ilikuwa ya kigeni tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo linanigusa zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Bastola za jeshi za mchoro huu zilikuwa legevu kidogo. Ukiitikisa moja unasikia slaidi ikicheza, na wasiojua huona huo ni uzembe wa kiwanda. Miaka ya baadaye mafundi wa bastola za mashindano walianza kuzibana kwa tupa na mkono mpaka slaidi iteleze kama droo ya kabati zuri la mninga, na shabaha ikaboreka kweli. Lakini bastola iliyobanwa hivyo haipendi mchanga, na ukiipeleka vitani inakuwa na deko la bibi harusi. Mimi nililipa ada ya somo hilo. Niliwahi kukereza bushi ya pampu ya maji kwa kipimo cha kujivunia, isiyo na nafasi hata ya unywele, na katika vumbi la mwezi wa tisa pampu ile ilikamata kabla ya wiki kuisha, nikaambiwa mbele ya wanafunzi wangu niikereze upya na safari hii niiache ipumue. Baadhi ya watu wanaosema bastola ya 1911 haitegemeki wamewahi kushika ile iliyobanwa, na baadhi ya wanaosema haikwami kamwe wanaizungumzia ile legevu ya jeshi. Wanabishana juu ya vyombo viwili vyenye jina moja.

Ulegevu huohuo uliopimwa ndio uliowezesha vipande vya kiwanda kimoja kuingia katika bastola ya kiwanda kingine bila kuguswa na tupa, na ndiyo maana vita vikuu vya pili vilipokuja kazi iligawiwa watu ambao hawakuwa wahunzi wa silaha. Singer ilitengeneza 500 tu mwaka 1941, kisha ikageukia vifaa vya kulengea mizinga. Remington Rand, ambao makarani wa zamani wa mahakama wanawakumbuka kwa taipureta, walitengeneza nyingi kuliko wote wakati wa vita. Na Union Switch & Signal walikuwa watu wa ishara za reli, jambo lililomfurahisha sana mpwa wangu nilipomsimulia, kwa kuwa babu yake alifanya kazi hiyohiyo hapa kwenye njia panda ya treni za Kigoma na Mwanza. Mchoro unaoweza kukabidhiwa mtu wa cherehani, mtu wa taipureta na mtu wa reli, na kila mmoja akatoa bastola inayofyatua, ni mchoro uliofikiriwa na mtu aliyejua karakana.

Kwa hiyo mpwa wangu, ukipata kazi na mwajiri akakuuliza unataka kufundishwa silaha gani, usiitaje hii. Walinzi ninaowaona kwenye milango ya benki hapa mjini wanabeba shotgani, nawe jifunze shotgani vizuri kwanza. Lakini siku utakapokabidhiwa bastola yoyote ya kisasa darasani, baada ya mkufunzi kuthibitisha kwamba haina risasi, omba uvute slaidi taratibu na uangalie mtutu unavyoinama. Ukiinama, umekutana na mwaka 1911.

Jana nilirudi kuchukua suruali. Fundi alikuwa ameshapindua kichwa cha cherehani yake na kufuta mafuta juu ya namba, kwa sababu tangu Jumamosi wateja walikuwa wakimuuliza kama mashine yake imetoka kwenye kiwanda cha bastola. Namba inaanza na herufi Y. Nilimweleza kuwa bastola zile 500 ziliundwa Elizabeth, New Jersey, ilhali mashine zenye herufi hiyo ziliundwa Clydebank, Uskoti, katika miaka ya 1920 na 1930. Akasema, "Afadhali," akakirudisha kichwa mahali pake, akaendelea na sare.