Kamba Wekundu na Birika la Bibi

Bibi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliwaita uduvi. Nilimweleza mara nyingi kwamba uduvi ni wa bahari, na hawa wangu ni kamba wa maji ya pepo, asili yao Taiwan na Uchina, chumvi hawaijui. Alikuwa akinisikiliza mpaka nimalize, kisha akauliza, "Haya, uduvi wako washakula?"

Niliwapata kwa rafiki yangu wa Mombasa, Machi 2017. Walikuwa 10, hakuna aliyezidi urefu wa kucha yangu, ndani ya chupa kubwa ya maji iliyojazwa nusu ili nusu nyingine iwe hewa. Niliipakata safari nzima ya basi hadi Mokowe, na nikaipakata tena kwenye boti mpaka Amu, yaani Lamu. Wawili walikufa wiki ile ile. Wanane wakabaki, na kutokana na hao, kufikia Novemba, nilikuwa nimeacha kuhesabu baada ya 60.

Tangi lao la kioo lilikuwa la lita 40. Nililiweka msana wa ndani, yaani ukumbi wa ndani, chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kwa sababu kuta zetu za mawe ni nene na chumba kile hukaa baridi hata kaskazi inapopamba moto. Joto la maji likifika 30 kamba hawa huanza kutaabika. Maji ya mji wetu hutoka visima vya Shela, chini ya milima ya mchanga, na yana chokaa. Wanaofuga samaki wengine huilalamikia chokaa, lakini kamba anaihitaji. Kila anapokua hulivua gamba zima, kuanzia pembe mpaka mkia, na la kuvaa baada ya hapo hulijenga kwa chokaa. Mara ya kwanza kuliona gamba tupu limelala mchangani nilidhani ni maiti, nikahuzunika asubuhi nzima.

Kilichomvuta Bibi ni mayai. Jike huonekana kwanza na doa la manjano nyuma ya shingo. Akishavua gamba, madume huzunguka tangi zima kama waliopagawa, wakimtafuta. Baada ya hapo mayai hushuka tumboni, 20 au 30, naye huyashikilia kwa vijiguu vyake na kuyapepea mchana na usiku kwa muda wa wiki tatu hivi ili yapate hewa na yasiote ukungu. Bibi alivaa miwani, akasogeza kiti, akatazama kwa muda mrefu huku upepeo wake wa ukindu ukienda taratibu mkononi. Ghafla akausimamisha.

"Ampepea mwanawe," akasema.

Tangu siku ile akawa wake vilevile. Watoto walipoanguliwa (kamba hawa hawapitii hali ya lava, yaani kiluwiluwi, baharini kama kamba wengine, mtoto hutoka kamili, mfano wa mama yake, urefu wa milimita 2) ni yeye aliyewaona kabla yangu. Ni yeye pia aliyeniokotea majani makavu ya mti wa mkungu pale njiani. Nilimwambia jani la mkungu likiloa huota utando ambao kamba wanaupenda kuliko chakula cha kununua. Kila Ijumaa aliniletea jani moja, ameliosha mwenyewe.

Nami nikamrudishia hisani. Kwenye birika la chooni kwake, lile la chokaa la nyumba za zamani, aliishi samaki mdogo mmoja, kazi yake kula viluwiluwi vya mbu. Chini kulikuwa na bakuli la kauri lililojengewa sakafuni, ili birika likikaushwa abakiwe na maji. Mwezi wa Oktoba nilikata fumba la majani ya maji kutoka tangi langu, yale laini kama nyuzi, nikalitupa birikani ili samaki wake apate kivuli. Baada ya hapo sikulifikiria tena.

Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ukaingia mwishoni mwa Novemba. Anayeijua Amu wakati wa Maulidi anajua nyumba inavyokuwa: wageni kutoka kila mahali, magodoro hadi msanani, vyombo vyote vinashushwa na kusuguliwa. Bibi alikuwa na mtungi wa shaba nyekundu alioachiwa na mamake. Aliusugua kwa ukwaju na majivu mpaka ukawaka kama jua la magharibi, akaujaza maji ya kunywa. Katikati ya shughuli hizo mimi nikaitwa Mombasa kwa siku tano, kufuata vyeti vyangu. Nikamwambia mdogo wangu asiwape chakula kingi. Kuhusu maji sikusema neno.

Niliporudi, msana ulikuwa umejaa watu, na tangi lilikuwa kimya. Wote walikuwa wamelala chini, rangi imewatoka, weupe wenye uwaridi kama waliochemshwa. Wakubwa, wadogo, majike na mayai yao. Niliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko. Bibi alisimama nyuma yangu ameshika kitambaa mdomoni.

"Nilikuwa nawatia mai kila asubuhi," akasema. "Niliona yapungua kwa joto hili. Kata mbili, mai yangu yale mazuri ya mtungini."

Wakati ule maneno hayo hayakuniambia kitu. Usiku nikampigia rafiki yangu. Aliniuliza kama kuna mtu aliyetia dawa ya samaki. Nikamwambia hakuna. "Kwa sababu dawa nyingi zina shaba," akasema, "na shaba ndiyo sumu yao."

Nikanyamaza, simu sikioni. Alikuwa akiendelea kunieleza kwamba damu ya kamba yenyewe ina shaba, ndiyo inayobeba hewa mwilini mwake kama chuma kinavyobeba kwenye damu yetu, na bado kiasi kidogo tu kikizidi majini kinammaliza. Mimi nilikuwa nauona mtungi pale kwenye kona, unang'aa. Ukwaju ulikuwa umeuchubua ukabaki shaba tupu, na maji yalilala ndani yake usiku kucha. Kata mbili, siku tano.

Asubuhi Bibi aliniuliza, na aliniuliza wazi: "Ni mai yangu?"

Nikamwambia hapana, ni joto la kaskazi.

Alinitazama, akasema "Inna lillahi," akarudi jikoni kwa wageni wake. Mchanga na sponji nilivitupa kwa sababu shaba hukaa humo. Tangi nililiosha nikalipindua uani. Ijumaa iliyofuata alileta jani la mkungu, akakumbuka, akaliweka juu ya tangi lililopinduliwa. Jani lile lilikaa pale mpaka upepo ulipolichukua.

Machi iliyofuata, alfajiri moja umeme ulikuwa umekatika na Bibi ameingia kutawadha na tochi. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia kabla ya sala.

"Ndoo! Ndoo uone!"

Alikuwa ameinama juu ya birika, buibui amelikusanya mkononi, anamulika ukutani. Juu ya chokaa, kwenye utando wa kijani, alikuwa anatembea kamba mwekundu. Mwekundu kuliko wowote niliowahi kuwa nao tangini. Chini yake, kwenye lile fumba la majani ambalo sasa lilikuwa limetanda kama zulia, kulikuwa na mwingine, na mwingine. Lazima walikuja Oktoba wamejificha kwenye nyuzi, watoto wa milimita mbili, nisiwaone. Samaki alikula aliowaweza. Waliobaki walipita Maulidi yote humo, kata za wageni zikizama na kuibuka juu ya vichwa vyao. Tulihesabu saba. Mmoja alikuwa na mayai, anapepea.

Nikasema tangi naweza kulisafisha siku hiyo hiyo, nichukue watatu, hata wawili, nianze upya.

"Hawa hawatoki," Bibi akasema. "Wako wamekufa kwa joto. Hawa wamelelewa na mai yangu."

Sikumjibu. Adhana ilikuwa inakaribia, naye bado hajamaliza udhu. Nikatoka barabarani gizani, nikapapasa chini ya mkungu mpaka nikapata jani kavu, nikaliosha, nikarudi. Bibi akanimulikia nilipokuwa nalishusha majini, polepole, asishtuke yule mwenye mayai.