Siku moja maishani mwangu kwenye miamba ya Ziwa Superior

Saa kumi na moja alfajiri, katikati ya mwezi wa Juni, jua tayari linachomoza hapa Grand Marais, mji mdogo ulio kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Superior, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Ninavaa sweta nzito na kofia ya sufu. Kilomita chache kutoka hapa, ndani ya msitu, watu watashinda kwa fulana, lakini ukingoni mwa ziwa upepo unauma, na baridi hiyo ndiyo iliyonipa kazi: msimu wote wa kiangazi ninahesabu mimea ya miamba ya pwani, na mchana ninawatembeza wageni.

Saa kumi na mbili ninatumbukiza kipimajoto majini. Nyuzi 5 za Selsiasi. Waojibwe, wenyeji wa asili wa pwani hii, huliita ziwa hili Gichigami, yaani bahari kuu, nalo lina kilomita za mraba 82,100 hivi. Mimi nililelewa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, hivyo maji yasiyoonyesha ng'ambo si kitu kigeni kwangu. Kinachonishangaza ni kina. Ziwa Viktoria halifiki mita 100 popote pale, ilhali Superior linashuka hadi mita 406, na maji mengi kiasi hicho hayapati joto upesi hata jua liwake saa kumi na tano kwa siku.

Kuanzia saa moja ninatembea juu ya basalti. Mwamba huu ni lava iliyomwagika miaka bilioni 1.1 iliyopita, wakati Amerika ya Kaskazini ilipoanza kupasuka katikati, kama inavyopasuka leo Afrika kwenye Bonde la Ufa, kisha mpasuko ukakoma kabla ya kuligawa bara. Baadaye barafuto nene ziliuparura mwamba huo mara nyingi, na zilipoyeyuka, miaka 10,000 hivi iliyopita, ziliacha bonde lililojaa maji. Karibu na mawimbi mwamba ni mweusi na mtupu. Juu kidogo, hasa pale shakwe wanapotua na kuacha kinyesi, likeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, ya rangi ya machungwa imetanda kama rangi iliyomwagwa na mpakaji asiye mwangalifu. Miti iko nyuma zaidi, kwa sababu dhoruba za Novemba na vipande vya barafu vya majira ya baridi hukwangua ukingo na kung'oa kila chenye mizizi mikubwa.

Uwazi huo ndio unaoifaa mimea midogo. Saa mbili ninapiga magoti mbele ya ufa usiopita upana wa kidole gumba, ninaweka fremu yangu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita, ninatoa lenzi. Mmea ninaoutafuta, *Pinguicula vulgaris*, unafanana na nyota ya rangi ya kijani iliyofifia kuelekea manjano, iliyobandikwa kwenye jiwe. Majani yake yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Ukiyasogelea unaona vinywele vifupi, kila kimoja na tone lake la ulimbo nchani, na leo kwenye jani moja wamenasa visubi watatu, mmoja bado anatikisa mguu. Kingo za jani zimeanza kujikunja kuwaelekea. Udongo wa ufa huu ni kiganja kimoja tu na hauna naitrojeni ya kutosha, kwa hiyo mmea unaipata kwa kuyeyusha wadudu. Katikati limesimama ua moja la zambarau juu ya kikonyo chembamba. Makao yake makubwa ni Kanada, Alaska na Skandinavia. Hapa uko kwenye ukingo wa kusini wa dunia yake, na umebaki tangu barafu ilipoondoka kwa sababu ziwa limeendelea kuitunza baridi hiyo kwa ajili yake. Jirani yake, *Primula mistassinica*, mwenye maua ya waridi yenye jicho la manjano, anaishi kwa fadhila ileile.

Hesabu inanichukua hadi saa tano. Ninakula mkate na samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Saa saba wageni wanafika, na kama kawaida watoto wanauliza kwanza habari za akiki, yale mawe mekundu yenye mistari yaliyoundwa ndani ya matundu ya gesi ya lava. Ninawaonyesha changarawe upesi, kisha ninawapeleka kwenye mmea. Mzee mmoja aliyekuja na mjukuu wake alikuwa ameshanyanyua mguu juu ya ufa nilipomwomba asimame. Nilimpa lenzi. Alikaa chini muda mrefu, akamwita mjukuu, na walipoondoka walikuwa wakiruka kutoka jiwe tupu hadi jiwe tupu. Ninaamini lenzi kuliko kamba na mabango.

Saa tisa ninachunguza vidimbwi vya mwambani vyenye viluwiluwi vya chura mdogo, *Pseudacris maculata*. Kwenye kisiwa cha Isle Royale, ndani ya ziwa hilihili, watafiti walionyesha kwamba vidimbwi vya chini husombwa na mawimbi, na vya juu, karibu na msitu, vina mabuu wa kereng'ende wanaokula viluwiluwi. Vyura hustawi kwenye mkanda mwembamba wa katikati.

Saa kumi na moja jioni ninaingiza takwimu za siku. Kati ya mwaka 1979 na 2006 maji ya juu ya ziwa hili yalipata joto la takriban nyuzi 2.5 zaidi wakati wa kiangazi, kasi iliyozidi ya hewa yenyewe, ndiyo maana kila nyuzi ninayoiandika naiandika kwa wasiwasi wa kweli.

Saa tatu usiku jua linazama. Ninarudi mwambani bila daftari. Vyura wameanza, sauti yao kama ukucha unaopitishwa taratibu kwenye meno ya kitana, na kwenye ule ufa wa asubuhi kisubi wa tatu ameacha kutikisika. Jani limemfunika nusu.