Jumanne saa nane mchana: tulivyompokea jirani zamu za kuuguza

Ushauri ulionikera kuliko wote niliupata kwa watu ninaowaheshimu kanisani: kwamba upendo wa Kikristo haupangiwi ratiba. Tulikuwa na jirani aliyekuwa akimuuguza baba yake mzazi, mzee aliyepooza upande mmoja asiyeweza kujigeuza kitandani. Alikuwa peke yake, usiku na mchana. Nikauliza tumsaidieje, nikajibiwa: "Mwambie tu, ukihitaji chochote tuite. Moyo ukiwa safi, mengine yatajipanga."

Hayajipangi. Tumeshika zamu nyumbani kwake miezi saba, na kilichotufikisha huko ni daftari na kalamu.

Mwanzoni tuliufuata ushauri ule. Likatoka tangazo kwamba mwenye nafasi akamwone mgonjwa. Jumapili hiyohiyo walifika watu kumi na wanne, wote baada ya ibada, ndani ya saa moja na nusu. Tazama ilivyokuwa upande wa mwenye nyumba. Alitafuta viti, havikutosha, akaenda kuazima nyumba ya pili. Kila kundi lililoingia liliuliza ugonjwa ulianzaje, naye akausimulia upya tangu siku ya kwanza. Mzee alilala chali muda wote huo, kwa sababu hakuna mtoto ambaye angemgeuza baba yake na kumbadilisha nepi mbele ya wageni. Jioni palipokuwa na mfupa wa mkia ngozi ilikuwa nyeusi kuliko pembeni, ya moto na ngumu, na kidole kikiibonyeza haibadiliki rangi. Hicho ni kidonda kinachoanza. Kwa mwenye ngozi nyeusi usingoje uone wekundu, utachelewa. Tafuta joto, ugumu na tofauti ya rangi.

Jumapili iliyofuata walikwenda watano. Ya tatu hakwenda mtu. Hakuna aliyekuwa na moyo mbaya, ila kila mmoja alidhani wenzake wamekwenda. Na lile neno "ukihitaji tuite", nimekuja kulielewa, linamtwisha aliyechoka kazi nne zaidi: ajue anachohitaji, achague wa kumwomba, ameze aibu, kisha awe tayari kusikia "leo sina nafasi". Ndiyo maana haiti.

Nilirudi kwenye Luka sura ya 10 nikitafuta kama Msamaria, aliyemkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi kwenye barabara ya Yeriko, naye aliacha mambo yajipange. Hakuacha. Alifunga majeraha kwa mafuta na divai, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akamuuguza. Kesho yake akamwachia mwenye nyumba dinari mbili na kusema atakaporudi atalipa kitakachozidi. Dinari moja ndiyo ujira wa siku wa kibarua katika Mathayo 20, kwa hiyo alitoa mshahara wa siku mbili, akamkabidhi mtu wa kuendelea, akaahidi kurudi, kisha akaendelea na safari yake. Hakuhamia pale. Nao mitume, watu walipolalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakuhubiri juu ya moyo safi: waliagiza wachaguliwe watu saba waisimamie kazi hiyo. Hiyo ni Matendo 6. Anayesema mpango unaua upendo asome tena hapo.

Jambo lililobadilisha kila kitu ni namna ya kuuliza. Acha "unahitaji nini". Nilikwenda peke yangu, nikasema: "Dada, Jumanne saa nane hadi saa kumi na moja tutakuwa wawili hapa. Tukae na mzee wewe ulale, au utatoka kwenda kwenye shughuli zako?" Siku ipo, saa ipo, idadi ya watu ipo, na njia zote mbili zinamfaa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilale." Watu walikuwa wakimletea vitu, na haja yake ilikuwa usingizi. Swali lenye chaguo mbili halimlazimishi mtu kuomba, anachagua tu. Usiweke chaguo la tatu la "au tusije", kwa sababu aliyechoka na mwenye adabu atalichukua hilo.

Hesabu ya zamu ni hii. Tulipata zamu nne kwa wiki: mchana tatu za saa tatu tatu, na usiku mmoja, kuanzia saa tatu hadi kumi na mbili asubuhi. Kila zamu watu wawili, jumla nafasi nane. Tulikuwa kumi na wawili, hivyo kila mtu alikwenda mara mbili katika wiki tatu. Kiwango hicho watu wanakiweza bila kuchoka. Walionipinga walitaka kuanza na kila siku, na ningewakubalia ingekufa mwezi wa kwanza. Pia hatukuahidi "mpaka mwisho". Tuliahidi wiki sita, kisha tunakaa na kuulizana nani anaendelea. Mtu anayejua lini ataulizwa tena hatoroki kimyakimya. Mwenye dharura anamtafuta mbadala wake mwenyewe miongoni mwa wale kumi na mmoja, na akikosa ndipo anampigia msimamizi. Jirani hapigiwi simu ya udhuru hata siku moja.

Kwa nini wawili? Kwanza kwa heshima na usalama wa pande zote: mtu asiyejiweza hafungiwi chumbani na mgeni mmoja. Pili, kumgeuza mzee kwa usalama ni kazi ya mikono minne. Tulilaza shuka lililokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani. Mmoja anasimama huku, mwingine kule, mnakunja kingo za shuka karibu kabisa na mwili, mnahesabu moja, mbili, tatu, mnanyanyua. Msiburute. Kuburuta kunachuna ngozi, na ngozi iliyochunika juu ya mfupa haichelewi kuwa shimo. Wale wanne waliomshusha mwenye kupooza darini katika Marko 2 bila shaka walihesabu pamoja; pembe moja ikiwahi, mtu anaanguka.

Niseme zaidi juu ya kugeuza, maana hapo ndipo tulipokosea sana. Kila saa mbili mgonjwa abadilishwe upande: kushoto, chali, kulia. Usimlaze ubavu kamili akauegemea mfupa wa nyonga. Mwinamishe kidogo tu na umwekee mto mgongoni. Mto mwingine uwe kati ya magoti. Mwingine uende chini ya vigimbi vya miguu, visigino vikae hewani bila kugusa godoro. Kisogo, viwiko na mabega vikaguliwe kila mnapogeuza. Shuka livutwe lisibaki na mkunjo. Ule upande uliopooza usivute mkono wake kumnyanyua, bega linaweza kuteguka. Tulikuwa na mmoja wetu mwenye bidii ambaye kila akiona pahali palipobadilika rangi alipasugua kwa mafuta akiamini anaamsha damu. Kusugua hapo kunaumiza zaidi nyama iliyo chini. Dawa yake ni kumwondoa mgonjwa juu ya pahali hapo na kutomrudisha mpaka patulie. Mwingine alileta pete ya mpira ya kukalia, nayo tukaiweka kando: inabana damu kuzunguka palepale unapotaka ipite. Haya yote tulioneshwa na muuguzi, na nashauri mtafute mtu wa kazi hiyo awaonesheni kitandani kabla ya zamu ya kwanza. Sisi tulimtafuta baada ya kidonda kuanza.

Kulisha ni kwa anayeketi. Mgonjwa aliyelala chali akipewa kinywaji anaweza kupaliwa, na kwa aliyepooza upande mmoja hatari ni kubwa zaidi. Kijiko kidogo, upande wa mdomo ulio na nguvu, ngoja ameze kabla ya kingine, na akishamaliza abaki ameketi nusu saa. Akiwa na usingizi mzito usimlishe hata kama saa imefika. Akikohoa kila mara anapokunywa, mwambie mwenye nyumba siku hiyohiyo apeleke habari kwa daktari wake.

Dawa hatukugusa. Tuliandika habari za mzee kwenye daftari tu: saa, upande aliolazwa, alichokunywa, nepi, hali ya ngozi. Daftari lilining'inia kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, na zamu mpya inasoma kabla ya kuuliza chochote. Tangu liwepo, yule dada hakusimulia tena ugonjwa tangu mwanzo. Mistari michache inatosha. Ila yaliyoandikwa humo hayatoki nje ya chumba. Nimekuwa mkali juu ya hili kuliko jambo lolote. Ukitaja kwenye maombi ya kikundi kwamba mzee ana kidonda mahali fulani, umemvua nguo mbele za watu, hata kama umefumba macho. Tulimwuliza jirani mwenyewe nini kitajwe, akasema, "Tajeni jina, basi." Tukataja jina.

Kuhusu sala, tulikubaliana hivi: tunauliza, tukiruhusiwa tunasali kwa dakika mbili, na kumgeuza mgonjwa kunatangulia. Nyumba nyingine tuliyoisaidia baadaye haikuwa ya Wakristo. Hatukuuliza sala pale, na zamu zilikuwa zilezile. Huwezi kuuza saa tatu za usingizi kwa bei ya kusikilizwa mahubiri. Yule mtu wa barabara ya Yeriko hakuulizwa anaabudu wapi.

Fedha zilikuwa kidogo na ziliisha haraka. Glavu, sabuni na nepi zilimeza karibu michango yote ya kila mwezi. Walizishika wawili, wote wakiandika, na tulinunua vitu badala ya kumkabidhi jirani pesa mbele ya watu. Hapo hapana mengi ya kueleza.

Kuna wachache ilibidi niwaombe wasiende, na sijutii. Msemaji anayemwamsha mwenye nyumba ili wapige soga. Anayekuja na dawa yake ya kienyeji mkobani. Anayempangia upya jiko mwenye jiko lake. Kwao tulikuwa na kazi nyingine: kufua mashuka, kuchukua watoto shuleni, kusubiri kwenye foleni. Paulo katika Wagalatia 6 anasema tuchukuliane mizigo, na mistari michache mbele anasema kila mtu atalichukua furushi lake. Nilikuwa nadhani anajipinga. Kitandani pale nilielewa. Kumgeuza mzee saa nane usiku ni mzigo, unamwangusha mtu mmoja. Kuamua baba ahamishiwe hospitali au abaki nyumbani ni furushi la binti, na sisi hatukulitia mkono, hata alipolia akitaka tumwamulie. Tulikaa naye tu.

Tulikuwa pia na wawili waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa viwanja. Sheria ya Musa, Kutoka 23, inataka ukimkuta punda wa adui yako amelemewa na mzigo umsaidie mwenyewe kumwinua. Haisemi mpatane kwanza. Basi niliwapanga zamu moja, kwa makusudi, nikawaambia wazi nimekusudia. Shuka lile halinyanyuliki bila kuhesabu pamoja. Kesi ya mpaka bado ipo, lakini wanasalimiana.

Kosa lililochukua muda mrefu kulitambua ni kwamba miezi mitatu yule dada alikuwa mpokeaji tu. Alianza kuaga kwa kuinama, kuomba radhi kwa kila kitu, kutuita wafadhili. Tulipomwomba atufundishe alivyokuwa akimsafisha baba yake kinywa bila kumkera (kitambaa laini kilicholowa, kwenye kidole, akianzia shavuni), alinyooka mgongo. Kisha akawa ndiye anayemfundisha kila mpya anayeingia kwenye zamu. Tungepaswa kumwomba hilo mapema zaidi, wiki ya pili.

Mzee alifariki mwezi wa saba wa zamu zetu. Watu walijaa siku za msiba, halafu nyumba ikawa tupu. Kwenye daftari tulikuwa tumeshaandika wiki nane zaidi baada ya maziko, nafasi moja tu kwa wiki, Jumanne saa nane. Tulifua, tulirudisha vifaa vilivyoazimwa, tulikwenda naye kufuatilia hati, na siku nyingine tulikaa bila kazi. Mara mbili alikuwa amelala, tukakaa nje tukimsubiri aamke. Wiki ya sita alitukuta mlangoni ameshavaa viatu. Alikuwa amesikia kuna mama mtaa wa pili anayeuguza mume, akauliza zamu ya usiku ina nafasi.